Zile Ngeli Ulizochukia Shuleni Ni Metafizikia

Kila nikitaja metafizikia, watu hudhani naongea kuhusu majini na nyota. Zii. Metafizikia inauliza maswali mawili makubwa: ni nini kipo, na kipo kwa namna gani? Fizikia itakuambia jiwe lina uzito gani. Metafizikia inauliza kama deni lako lipo vile jiwe lipo. Huwezi kuligusa, lakini hebu jaribu kumwambia anayekudai kwamba halipo.

Jina ni la Kigiriki, maana yake ni "yanayokuja baada ya fizikia". Aristotle, aliyekufa 322 KK, hakulitumia. Lilipewa maandishi yake baadaye. Lakini kazi aliifanya: aligawanya mambo yote yanayoweza kusemwa kuhusu vilivyopo katika makundi 10, kama vile kitu chenyewe, kiasi, sifa, mahali, wakati na kutenda.

Sasa tuje huku kwetu. Alexis Kagame, padri na mwanahistoria wa Rwanda aliyezaliwa 1912, alichapisha kitabu kwa Kifaransa mwaka wa 1956 kuhusu falsafa ya kuwepo. Badala ya kuanza na Kigiriki, alichunguza Kinyarwanda, hasa ngeli zake. Akapata makundi manne tu. Umuntu ni chenye akili. Ikintu ni kisicho na akili, kuanzia mnyama hadi jiwe. Ahantu ni mahali na wakati. Ukuntu ni namna kitu kilivyo. Yale 10 ya Aristotle, alisema, yanaingia yote humo.

Na ukisikiliza vizuri utasikia mzizi mmoja, -ntu. Kwetu Kiswahili kinasema mtu, kitu, utu. Mkikuyu na Mkamba wanasema mũndũ. Kwa hivyo ile A-WA na KI-VI tulikariri ili tupate alama ilikuwa jaribio la kupanga ulimwengu.

Mimi napenda wazo hili, lakini silimezi lote. Kiswahili sanifu kinasema "ng'ombe anakula", kwa upatanisho uleule wa mtu. Kinyarwanda hakifanyi hivyo. Na hapa Nairobi tunasema "ng'ombe inakula" bila aibu. Je, ng'ombe amebadilika akivuka mpaka, ama akiingia mtaani? Bado ni ng'ombe. Tena angalia kipofu na kiziwi: wamevaa KI- ya vitu, lakini ni watu kamili. Sarufi inaweza kuonyesha vile watu walizoea kupanga vitu. Haithibitishi kwamba vitu viko hivyo. Paulin Hountondji wa Benin alisema jambo la karibu na hilo miaka ya 1970: falsafa ni hoja za mtu anayejulikana na anayeweza kupingwa, si imani ya jamii nzima iliyolala ndani ya lugha.

Mtu ataniuliza, hii yote inalipa unga? Kagame alikufa 1981. Mwaka wa 1994, nchini kwake, redio ya RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Kwa makundi yake mwenyewe, hiyo ni kumtoa mtu kwenye umuntu na kumsukuma kwenye ikintu. Wauaji walikuwa na mapanga, lakini kwanza walipewa jibu la swali "huyu ni nini?" Mwaka wa 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu waliohusika na redio hiyo.

Nasi tusijifanye watakatifu. Kwenye siasa za Bonde la Ufa kuna neno "madoadoa", linalotumiwa kwa majirani wa kabila lingine. Doa liko ngeli ya LI-YA. Doa halina mama, halina shamba, halipigi kura. Doa huoshwa litoke.

Ndiyo maana sikubali kwamba metafizikia ni ya wazungu wenye ndevu na muda mwingi. Swali la nani ni mtu na nani ni kitu linajibiwa kila msimu wa kura, mara nyingi kwa maikrofoni, na watu ambao hawajaulizwa wathibitishe chochote. Mkutano ujao wa siasa ukifika kwenu, usisikilize ahadi pekee. Sikiliza majina wanayowapa watu, na uangalie yako ngeli gani.