Shauri Lililokatwa na Shauri Lililofutwa

Warumi wa kale waliliita jambo lililokwisha kuhukumiwa res judicata. Mwanasheria wao Ulpian, wa karne ya 3, alifundisha ya kwamba jambo la namna hiyo hupokewa mahali pa kweli, na mafundisho yake yalihifadhiwa katika Digesta, mkusanyo wa sheria uliotolewa na Mfalme Justinian mwaka 533. Ulpian hakudai ya kwamba kila hukumu ni kweli. Hakimu ni mwanadamu, naye aweza kukosea. Lakini kama kila aliyeshindwa angerudi na madai yale yale, magomvi yasingekuwa na mwisho. Njia ya aliyeshindwa ni rufani, wala si kuanza upya.

Kanuni hii ilifika Tanganyika kwa kupitia Bara Hindi. Waingereza waliiweka katika kifungu cha 11 cha sheria ya Bara Hindi ya mwenendo wa madai, ya mwaka 1908. Na baada ya mwaka 1920 sheria hiyo ikatumika Tanganyika pia. Mwaka 1966 Tanzania ilitunga sheria yake yenyewe, na kanuni ikawekwa katika kifungu cha 9. Yatakiwa jambo liwe lile lile; wenye shauri wawe wale wale, au wanaodai haki kwa kupitia kwao; mahakama ya kwanza iwe na mamlaka; na jambo liwe limesikilizwa na kukatwa kabisa.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa mara nyingi. Mtu adai shamba, na madai yake yafutwe kwa kasoro ya hati kabla ya shahidi yeyote kusikilizwa. Jirani zake husema, “Kesi imekwisha,” naye huenda akaliacha shamba. Kumbe shauri limefutwa, halikukatwa. Na maadamu muda uliowekwa na sheria haujapita, mlango u wazi.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama za Tanzania kwa mujibu wa sheria. Kwa hiyo neno “kwisha” halitoshi, kwa kuwa lachanganya mambo mawili. Kiswahili kina usemi wake wa tangu zamani, kukata shauri, nao waeleza barabara: lililokatwa halifunguliwi tena, bali lililofutwa bado lamngoja mwenyewe.