Hofu ya kijamii na haiba ya ukwepaji

Hofu ya kijamii na tatizo la haiba ya ukwepaji ni hali mbili za afya ya akili ambazo dalili zake huingiliana sana: mhusika huogopa kukosolewa, kuaibika na kukataliwa, hivyo hukwepa watu. Zote mbili ziliingia katika mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani mwaka 1980, na dhana ya haiba ya ukwepaji ilitokana na kazi ya mwanasaikolojia Theodore Millon. Mwanzoni mgonjwa hakupaswa kutambuliwa kuwa na zote mbili. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1987.

Wapo wataalamu wanaoziona kuwa ugonjwa mmoja unaotofautiana kwa ukali tu. Hoja hiyo ina uzito, ila haitoshi, kwani baadhi ya wenye haiba ya ukwepaji hawafikii vigezo vya hofu ya kijamii. Mwenye hofu huweza kutetemeka akihutubia au akila mbele ya wageni, kisha akastarehe kwa rafiki zake. Mwenye haiba hiyo hujiona duni tangu ujana, na hata uhusiano wa karibu huuingia kwa kusitasita. Tiba ya kisaikolojia ya kurekebisha fikra na mienendo hutumika kwa zote mbili.