Kabla ya Santuri

Sisi wa Bamburi tuliudharau "Jambo Bwana". Eti wimbo wa watalii! Lakini Them Mushrooms, ndugu wa kina Harrison walioanzisha bendi Mombasa mwaka 1972, walipikika hukohuko mahotelini. Siku hizi bendi changa hujirekodi chumbani kwa simu. Wao jaribio lao lilikuwa jukwaani, mbele ya wageni waliokuwa wakila, na mtalii asiyejua Kiswahili akiweza kuitikia, basi. Teddy Kalanda Harrison akautunga kwa salamu tupu. Santuri ikatoka 1982. Mwaka uliofuata Boney M wakatoa yao, na wapo hadi leo wanaodhani ni wimbo wa kale, hauna mwenyewe. Mjomba wangu, mhudumu wa hoteli enzi hizo, akisikia hivyo huweka kikombe chini.