Kesi ya Arctic Sunrise

Kesi ya Arctic Sunrise ni mgogoro wa kisheria na kidiplomasia uliozuka baada ya askari wa Urusi kuiteka meli ya shirika la mazingira la Greenpeace yenye jina hilo, tarehe 19 Septemba 2013, katika Bahari ya Pechora kaskazini mwa Urusi. Siku moja kabla, wanaharakati kutoka melini walijaribu kupanda Prirazlomnaya, jukwaa la kuchimba mafuta linalomilikiwa na kampuni tanzu ya Gazprom, kampuni ya nishati ya Urusi. Watu wote 30 waliokuwa melini walishtakiwa kwa uharamia na kuwekwa mahabusu kwa takriban miezi 2. Uholanzi, ambako meli ilisajiliwa, iliishtaki Urusi na kushinda. Watu wengi wamejaribu kuzuia uchimbaji wa mafuta karibu na ncha za dunia kwa kuweka miili yao mbele ya mitambo, lakini ni tukio hili lililoacha alama kubwa kuliko yote katika sheria ya bahari.

Mafuta penye barafu

Hazina ya mafuta ya Prirazlomnoye iligunduliwa mwaka 1989, siku za mwisho za Muungano wa Kisovieti. Jukwaa lake liliundwa katika kiwanda cha meli cha Sevmash mjini Severodvinsk, na sehemu yake ya juu ilitoka kwenye Hutton, jukwaa kuukuu lililokwisha kutumika Bahari ya Kaskazini. Mwaka 2011 lilikokotwa hadi lilipo sasa, takriban kilomita 60 kutoka pwani, likakalishwa juu ya sakafu ya bahari penye kina cha mita 20 hivi. Maji yanayolizunguka hufunikwa na barafu kwa takriban miezi 7 ya mwaka.

Wanaopinga uchimbaji wa aina hii wana hoja mbili, na zote mbili ni nzito. Ya kwanza ni kumwagika kwa mafuta. Katika bahari ya joto, jua, mawimbi na bakteria husaidia kuyapunguza mafuta yaliyomwagika. Kwenye baridi kali mafuta huvukiza polepole, huwa mazito, hunasa chini ya barafu na kusafiri nayo hadi pasipofikika. Vizuizi vinavyoelea, vile vinavyotumika kuyazingira, havifai kitu penye vipande vya barafu, na katikati ya majira ya baridi giza hutanda karibu kutwa nzima. Meli ya mafuta Exxon Valdez ilipopasuka Alaska mwaka 1989 na kumwaga takriban lita milioni 40, ajali ilitokea kusini zaidi, mahali palipo jirani na bandari, na bado miongo miwili baadaye mafuta yalikuwa yanakutwa chini ya kokoto za fukwe.

Hoja ya pili ni ya tabianchi. Mwaka 2008 idara ya jiolojia ya Marekani ilikadiria kwamba Aktiki ina mapipa bilioni 90 ya mafuta ambayo hayajagunduliwa. Septemba 2012 barafu ya bahari hiyo ilipungua hadi kilomita za mraba milioni 3.4 hivi, kiwango cha chini kuliko vyote tangu setilaiti zianze kuipima. Kuchoma mafuta huchangia kuyeyusha barafu, na barafu ikishayeyuka makampuni hupata njia ya kufuata mafuta mengine. Ni mwenendo wa hatari, na aliyeamua kuupinga kwa kamba na boti ya mpira hakukurupuka.

Upande wa kusini wa dunia hali ni tofauti. Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991 inapiga marufuku shughuli za madini katika Antaktika isipokuwa kwa utafiti wa kisayansi. Greenpeace ilishiriki katika mapambano hayo kwa kujenga kituo chake katika Kisiwa cha Ross na kukaa huko kuanzia mwaka 1987 hadi 1992. Aktiki haina kinga ya namna hiyo. Ni bahari iliyozungukwa na mataifa, na kila taifa lina haki juu ya rasilimali za ukanda wake wa kiuchumi wa hadi maili 200 za baharini.

Majaribio yaliyotangulia

Mwaka 2010 wanaharakati walipanda mtambo wa Cairn Energy, kampuni ya Uskoti, uliokuwa ukichimba magharibi mwa Greenland. Mwaka uliofuata Kumi Naidoo, mzaliwa wa Durban na Mwafrika wa kwanza kuiongoza Greenpeace ya kimataifa, alipanda mtambo mwingine wa kampuni hiyohiyo, akakamatwa, akafungiwa Greenland kwa siku chache na kufukuzwa nchini. Cairn ilitumia zaidi ya dola bilioni 1 bila kupata mafuta ya kuuza.

Agosti 2012 Naidoo alifika Prirazlomnaya kwenyewe. Yeye na wenzake walining'inia kwa kamba ubavuni mwa jukwaa kwa saa nyingi huku wafanyakazi wakiwamwagia maji ya baridi kwa mipira. Hakuna aliyekamatwa. Bila shaka wale waliorudi mwaka 2013 walitarajia mapokezi yasiyotofautiana sana na hayo.

Meli

Arctic Sunrise ina historia inayostahili kusimuliwa. Iliundwa Norway mwaka 1975, ikaitwa Polarbjørn, na kazi yake ilikuwa kuwinda sili. Baadaye ilikodiwa kupeleka vifaa vya kujengea uwanja wa ndege wa Ufaransa huko Antaktika, katikati ya makazi ya pengwini, na Greenpeace wakaizuia. Miaka kadhaa baadaye waliokuwa wakiizuia wakawa ndio wenye nayo. Tumbo lake ni la mviringo na halina mkuku, ili barafu ikiibana iinuke badala ya kupasuka. Umbo hilo huifanya iende mrama hata bahari inapokuwa na mawimbi madogo, na mabaharia wake wameibandika jina la mashine ya kufulia nguo.

Nahodha wake mwaka 2013 alikuwa Mmarekani Peter Willcox. Ndiye aliyekuwa nahodha wa Rainbow Warrior, meli nyingine ya Greenpeace, mwaka 1985, majasusi wa Ufaransa walipoilipua katika bandari ya Auckland na kumuua mpiga picha Fernando Pereira.

Tarehe 18 na 19 Septemba

Alfajiri ya tarehe 18 boti za mpira zilishushwa majini zikaelekea Prirazlomnaya, huku meli yenyewe ikibaki mbali, nje ya eneo la usalama la mita 500 ambalo sheria ya kimataifa inaruhusu kuwekwa kuzunguka jukwaa. Sini Saarela wa Finland na Marco Weber wa Uswisi walianza kupanda. Juu yao wafanyakazi waliwapiga kwa maji ya mipira, chini yao walinzi wa mpaka wa Urusi walifyatua risasi majini kando ya boti. Wote wawili walilazimika kushuka na wakakamatwa. Manowari ya walinzi, Ladoga, iliiamuru Arctic Sunrise isimame, ikafyatua mizinga ya onyo, kisha ikabaki karibu nayo kwa zaidi ya siku nzima bila kuivamia.

Jioni ya tarehe 19 helikopta ilitanda juu ya sitaha, na askari waliofunika nyuso wakateremka kwa kamba wakiwa na silaha. Watu waliokuwa melini walikusanywa pamoja na nahodha akatengwa nao. Willcox alikataa kuiendesha meli kwa amri yao, hivyo Ladoga ikaikokota hadi Murmansk, ambako ilifika tarehe 24.

Kati ya hao 30 walikuwamo mpiga picha na mpiga video waliokuwa wakiripoti tukio, pamoja na mpishi na daktari wa meli. Mashtaka hayakuwabagua.

Mahabusu

Katika gereza la Murmansk walifungiwa seli takriban saa 23 kwa siku, wengi wao pamoja na wafungwa wa Kirusi ambao lugha yao hawakuifahamu. Hao Warusi ndio waliowafundisha njia ya mawasiliano ya gereza. Usiku, soksi yenye barua hufungwa kwenye uzi na kupitishwa dirishani kutoka seli moja hadi nyingine, mpaka asubuhi habari imekwishazunguka jengo zima. Wengine waligongagonga mabomba ya kupasha joto ili mwenzao wa seli ya jirani ajue kwamba hayuko peke yake.

Kosa la uharamia nchini Urusi lina adhabu ya hadi miaka 15. Rais Vladimir Putin mwenyewe alisema hadharani, tarehe 25 Septemba, kwamba ni dhahiri watu hao si maharamia, ingawa walivunja sheria. Wiki moja baadaye waendesha mashtaka waliwasomea shtaka hilohilo la uharamia. Mwishoni mwa Oktoba Kamati ya Upelelezi ya Urusi ilitangaza shtaka jipya la uhuni, lenye adhabu ya hadi miaka 7. Washindi 11 wa Tuzo ya Nobel ya Amani, miongoni mwao Desmond Tutu na Leymah Gbowee, walimwandikia Putin kuwatetea. Novemba walihamishiwa St Petersburg, na kuanzia tarehe 18 mahakama ikaanza kuwapa dhamana ya rubli milioni 2 kila mmoja. Wa mwisho alitoka takriban siku 10 baadaye.

Kwa nini haukuwa uharamia

Msomaji wa Afrika Mashariki anaujua uharamia kwa karibu. Mwaka 2006 mahakama ya Mombasa iliwahukumu Wasomali 10 kifungo cha miaka 7 kila mmoja baada ya kuliteka jahazi la Kihindi, Safina al Bisarat, na kudai fidia. Kesi nyingine nyingi zilifuata hapohapo Mombasa. Kifungu cha 101 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari kinataka mambo hayahaya yaliyokuwamo katika kesi hiyo: matumizi ya nguvu au utekaji, kwa manufaa binafsi, unaofanywa na watu wa chombo kimoja dhidi ya chombo kingine.

Prirazlomnaya imekaa juu ya sakafu ya bahari. Si meli, na hilo pekee lilitosha kuliangusha shtaka. Aliyepanda kwa kamba na bango hakutaka fidia wala mali. Kumweka kapu moja na mtekaji wa jahazi kulikuwa kumdhulumu yeye, na kulikuwa pia kuwadhulumu mabaharia wote waliowahi kuonja uharamia wa kweli.

Urusi ilikuwa na hoja yake pia, na haifai kupuuzwa. Jukwaa la mafuta lina gesi, shinikizo na watu wanaofanya kazi mahali pasipo na pa kukimbilia. Boti zinazolijia kwa kasi gizani humtia mlinzi wasiwasi wa haki, na ndani ya mita 500 nchi ya pwani ina mamlaka ya kuchukua hatua.

Mbele ya majaji

Uholanzi ilifungua shauri la usuluhishi tarehe 4 Oktoba 2013, kisha ikaiomba Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, yenye makao Hamburg, itoe amri ya muda. Tarehe 22 Novemba majaji 19 dhidi ya 2 waliamuru meli na watu wote waachiliwe kwa dhamana ya euro milioni 3.6. Urusi ilikataa kuhudhuria, ikidai kwamba ilipouridhia mkataba mwaka 1997 ilijiwekea kinga dhidi ya kesi za aina hiyo. Mwezi uliofuata Duma, bunge la Urusi, ilipitisha msamaha wa kuadhimisha miaka 20 ya katiba, ukawahusu na hao 30, na raia wa kigeni wakaruhusiwa kwenda makwao. Meli iliondoka Murmansk Agosti 2014 ikiwa imechakaa.

Hukumu kuu ya jopo la usuluhishi ilitolewa tarehe 14 Agosti 2015. Jopo lilisema kuandamana baharini ni matumizi halali ya bahari yanayoambatana na uhuru wa kusafiri, na kwamba nchi ya pwani inapaswa kuvumilia usumbufu wa kiasi, mradi usumbufu huo haujaizuia kutumia haki zake juu ya rasilimali. Kuhusu madai kwamba meli ilikuwa ikifukuzwa kihalali, jopo liliona ufuatiaji ulikwishakatika kabla ya helikopta kufika, na sheria inataka uwe wa mfululizo. Hivyo kuivamia meli ya Uholanzi bila idhini ya Uholanzi kulikuwa ni kuvunja mkataba.

Huo ndio uzito wa kesi hii. Kabla yake, mwenye boti aliyekuwa akipinga jambo baharini alitegemea uvumilivu wa serikali anayoikabili. Sasa ana maandishi ya majaji ya kushika mkononi, yenye mipaka yake, na mipaka hiyo inawabana pia walinzi wa pwani.

Julai 2017 jopo liliitaka Urusi ilipe takriban euro milioni 5.4. Mei 2019 nchi hizo mbili zilikubaliana kumaliza shauri kwa euro milioni 2.7, na Urusi ikalipa.

Baadaye

Prirazlomnaya ilianza kutoa mafuta Desemba 2013, wanaharakati wakiwa bado hawajaondoka Urusi. Shehena ya kwanza iliwasili Rotterdam tarehe 1 Mei 2014 ndani ya meli Mikhail Ulyanov. Willcox, akiwa nahodha wa meli mpya yenye jina la Rainbow Warrior, alijaribu kuizuia isitie nanga na akakamatwa tena, safari hii na polisi wa Uholanzi, nchi ileile iliyokuwa ikiitetea meli yake mahakamani.

Kwingineko mambo yalikwenda tofauti. Shell iliachana na bahari ya Alaska Septemba 2015 baada ya kutumia takriban dola bilioni 7. Kisima chake hakikuwa na mafuta ya kutosha, lakini miezi iliyotangulia watu walikuwa wameizuia kwa kayaki mjini Seattle na kwa kujining'iniza darajani mjini Portland. Greenland ilisitisha leseni mpya za kutafuta mafuta mwaka 2021.

Arctic Sunrise ilirudi Bahari ya Barents na kukamatwa tena Agosti 2017, safari hii na walinzi wa pwani wa Norway, karibu na mtambo wa Statoil, kampuni ya mafuta ya Norway, ikakokotwa hadi Tromsø. Juni 2023 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba kuwafunga wale 30 kulikiuka haki yao ya uhuru na ya kutoa maoni. Urusi ilikuwa imeondolewa katika Baraza la Ulaya mwaka uliotangulia, na mwezi mmoja kabla ya hukumu hiyo ilikuwa imeitangaza Greenpeace kuwa shirika lisilotakiwa nchini mwake.