Lance Spearman: Shujaa wa sinema ya karatasi

Lance Spearman, aliyefahamika kwa wasomaji wake kama Spear, ni mpelelezi wa kubuni aliyevuma barani Afrika tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 kupitia African Film, gazeti la hadithi za picha. Lilitolewa na kampuni ya Drum, iliyomilikiwa na Jim Bailey wa Afrika Kusini, na kusambazwa Afrika Magharibi na Afrika Mashariki.

Tofauti na mashujaa wa katuni za Marekani, Spear hakuchorwa. Hadithi zake ziliigizwa, zikapigwa picha za mnato na kupangwa kwa mfuatano, maneno ya wahusika yakiandikwa juu ya picha. Aliyemwigiza ni Jore Mkwanazi, ambaye awali alikuwa mtumishi wa nyumbani na mpiga piano.

Safari yake ilikuwa kinyume cha ile ya Superman. Superman alianzia kwenye kitabu cha katuni mwaka 1938, akaingia redioni mwaka 1940, katika filamu za katuni mwaka 1941 na kwenye televisheni mwaka 1952. Spear alitoka kwenye filamu kwenda kwenye karatasi: alichukua mtindo wa James Bond, ambaye filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1962, pamoja na kofia, tai ya kipepeo, gari la fahari na ngumi. Hivyo aliweza kufuatwa hata mbali na kumbi za sinema, katika maeneo kama Puge, kwenye barabara ya Tabora kwenda Nzega. Msomaji alihitaji mwanga wa mchana tu.

Uzito wake ulikuwa hapo. Mwafrika alionekana akiwa bingwa, mwerevu na asiyemwogopa mtu, ilhali nchini kwa wachapishaji wake sheria za ubaguzi ziliwanyima Waafrika haki ya kupiga kura. Hadithi zenyewe ziliikwepa siasa. Maadui wa Spear walikuwa wahalifu kama Rabon Zollo, si watawala.

Nchini Tanzania, mtindo huo ulipata sura ya Kiswahili katika gazeti la Film Tanzania, chini ya uhariri wa Faraji Katalambula, mtunzi wa riwaya ya Simu ya Kifo (1965).

African Film lilitoweka sokoni katika miaka ya 1970. Wapelelezi wa Kiafrika waliendelea kuishi katika riwaya, wakiwamo Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Hao walibuniwa, wakaandikwa na kusomwa kwa Kiswahili.