Nahodha wa Angani: Historia ya Forodha na Ndege Ndogo Mipakani

Kiswahili kilianza kuitunza historia hii kabla ndege haijabuniwa. Neno forodha asili yake ni Kiarabu, nalo lilimaanisha gati, mahali chombo kinapofunga na kushusha shehena. Rubani naye, kabla ya kushika usukani wa ndege, alikuwa mjuzi wa miamba na mikondo, mtu wa kuliingiza jahazi bandarini salama. Maneno haya mawili yalipohama kutoka baharini kwenda angani yalibeba sheria nzima ya bandari. Ndiyo maana ndege binafsi, chombo kinachoweza kutua kwenye uwanda wowote mkavu, mpaka leo hupita mlango uleule wa jahazi.

Tuanze Zanzibar ya karne ya 19. Chini ya mtawala wake, Sayyid Said bin Sultan, forodha ilikuwa uti wa mgongo wa hazina. Mkataba wake na Marekani wa tarehe 21 Septemba 1833 uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa shehena iliyoshushwa. Kazi ya kuukusanya ilikodishwa kwa matajiri, na mashuhuri kati yao alikuwa Jairam Shivji, aliyemlipa Sultani kiasi kilichopatanwa kisha akajirudishia kwa wafanyabiashara. Mpango huo ulikuwa na msaidizi asiyelipwa mshahara: maumbile. Miamba, kina cha maji na upepo wa msimu vilisukuma vyombo kwenye bandari chache zinazojulikana, na mtoza ushuru akavingojea hapo. Magendo yalikuwapo, lakini pwani yenyewe ilikuwa nusu ya ulinzi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 msaidizi huyo aliondoka. Mwaka 1908 baluni za Kijerumani zilivuka mpaka zikatua Ufaransa, na maofisa wakawa hawajui wawatendeje watu waliowashukia kutoka mawinguni. Tarehe 25 Julai 1909 rubani Mfaransa Louis Blériot alivuka kwa ndege mlango wa bahari wa Calais kwa muda usiofika dakika 40, akatua kwenye majani karibu na ngome ya Dover. Maofisa wa forodha wa Uingereza walimfuata na fomu walizokuwa nazo, yaani fomu za meli. Wakamwandikia hati ya karantini kama nahodha wa chombo kilichotoka Calais, wakathibitisha kwamba safarini hakukuwa na ugonjwa wa kuambukiza. Ukidhani ni kichekesho utakosea. Katika karatasi ile sheria ya bahari ilikuwa imeshaimeza ndege. Mkutano wa Paris wa 1910 ulijaribu kuandika kanuni za pamoja, lakini mataifa yakashindwa kuafikiana.

Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 ndivyo vilivyokata shauri. Mataifa yaliyoona mabomu yakidondoka mijini hayakuwa tayari tena kusema kwamba anga ni huru kama bahari kuu. Mkataba wa Paris wa tarehe 13 Oktoba 1919 ulitamka kwamba kila dola lina mamlaka kamili juu ya anga lake, na kiambatisho kizima kikatengwa kwa ajili ya forodha. Ndege iendayo nchi ya nje iondoke kwenye kiwanja kilichoteuliwa, na iingiayo itue kwenye kiwanja kilichoteuliwa. Hivyo kalamu ikafanya kazi iliyokuwa ya miamba: ikachora bandari mahali ambapo maumbile hayakuweka hata moja. Hounslow Heath, na baada yake Croydon, vikawa milango ya angani ya London. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1926 ikairuhusu Wizara ya Fedha kuteua viwanja vya kuingilia.

Miaka ya 1930 ilikuwa enzi ya warubani wa kujitegemea. Nairobi, Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways mwaka 1929, na kiwanja kilichokuja kupewa jina lake mwaka 1962 kikawa kitovu cha ndege ndogo za Afrika Mashariki. Rubani wa enzi hiyo aliyetaka kufika Ulaya alivuka Sudan, Misri na bahari ya Mediterania, na kila nchi ikamwuliza swali jipya: hata kama hukubeba kitu, ndege yenyewe je? Maana ndege nayo ni bidhaa, inaweza kuuzwa. Jawabu lilikuwa kitabu cha dhamana kilichotolewa na vilabu vya urubani. Ukurasa mmoja uligongwa muhuri wakati wa kuingia na mwingine wakati wa kutoka. Ndege isipoonekana ikitoka, klabu ililipa ushuru. Forodha haikuwa peke yake mlangoni. Mkataba wa afya wa The Hague wa mwaka 1933 ulileta kanuni za kuzuia homa ya manjano isisafiri na mbu ndani ya ndege, hivyo karantini ya Blériot ikapata sababu ya kitropiki.

Vita vya Pili vilipokaribia mwisho, wajumbe walikutana Chicago, na tarehe 7 Desemba 1944 wakatia saini mkataba unaotawala anga hadi leo. Kifungu cha 10 kilithibitisha kiwanja cha forodha. Kifungu cha 24 kikaipa ndege ya kigeni ruhusa ya kuingia kwa muda bila ushuru, pamoja na mafuta na vipuri ilivyokuja navyo. Kiambatisho cha 9, kilichopitishwa mwaka 1949, kikasanifisha Tamko la Jumla, karatasi inayotaja ndege, njia yake, wahudumu wake na hali ya afya ndani yake. Mwaka 1956 mkataba wa Geneva uliziweka ndege binafsi na boti za starehe katika hati moja; kwa mara nyingine, ndege na chombo cha majini.

Afrika Mashariki ilikuwa na njia yake. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha mwaka 1917, na Tanganyika ikajiunga katika miaka ya 1920, hata ikafika wakati mipaka ya ndani ikawa myepesi kuliko ya Ulaya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967 iliurithi wepesi huo, lakini mwaka 1977 ikavunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983. Mstari uliokuwa hafifu kwenye ramani ya rubani ukawa ukuta.

Wakati huohuo dunia ilikuwa ikigawanyika. Ulaya, soko la pamoja la mwaka 1993 liliondoa ukaguzi wa forodha kwa ndege zinazosafiri ndani yake. Marekani ilikwenda upande mwingine. Ndege ndogo za magendo ya dawa za kulevya, kisha mashambulizi ya Septemba 2001, viliusogeza mlango mbali na uwanja. Tangu Mei 2009 rubani binafsi hutuma majina ya abiria wake kwa kompyuta angalau dakika 60 kabla ya kuruka. Zamani ofisa alingoja chombo kifike. Sasa anakijua kabla hakijainuka.

Huku Afrika Mashariki, Umoja wa Forodha wa Jumuiya mpya ulianza Januari 2005, chini ya sheria ya pamoja ya 2004. Sheria hiyo hutaja ndege na chombo cha majini kwa pumzi moja, na huwaita rubani na nahodha kwa neno moja. Tazama matokeo yake kwenye Mto Mara, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Viwanja vya vumbi vya Maasai Mara na vya kaskazini mwa Serengeti vimetengana kwa dakika chache za kuruka, lakini havina meza ya forodha. Basi msafiri wa kitalii hushuka Migori, huvuka mpaka kwa gari kati ya Isebania na Sirari, hugongewa muhuri, kisha hupanda ndege nyingine Tarime. Akitaka kuvuka angani, huanzia uwanja kama Wilson na kuingilia uwanja kama Kilimanjaro, na rubani wake huweka Tamko la Jumla mezani. Ofisa humwuliza ametoka wapi, amebeba nini, amekuja na nani, na kama kuna mgonjwa. Ni maswali aliyoulizwa nahodha kwenye gati, kabla ya neno rubani kupata mabawa.