Amri ya mwaka 1391 iliyozaa buli

Mwaka 1391, Zhu Yuanzhang, mfalme wa kwanza wa nasaba ya Ming nchini China, alipiga marufuku chai ya kushindiliwa iliyokuwa ikipelekwa ikulu kama ushuru. Kwa karne kadhaa, chai ya hadhi ya juu ilikuwa ikipigwa mvuke, ikasagwa na kushindiliwa vipande vyenye nakshi za joka na ndege, kisha ikakaushwa. Kazi ilikuwa nzito, na mzigo wake uliwaangukia wakulima. Zhu mwenyewe alizaliwa katika familia ya wakulima maskini na aliionja njaa kabla ya kukalia kiti cha enzi. Akaagiza kwamba tangu hapo ikulu ipokee majani makavu yasiyoshindiliwa.

Ilikuwa amri ya kodi, lakini iligeuza vyombo vya dunia nzima. Watu wa kawaida walikuwa wakitumia majani mazima tangu zamani. Sasa majani hayo yakapata heshima ya ikulu. Na jani zima halinyweki kama unga. Linataka chombo cha kulilowekea, chenye kifuniko cha kutunza joto na mdomo wa kumiminia maji huku lenyewe likibaki ndani. Chombo hicho ni buli. Ndiyo maana nasema anayekusanya vyombo vya chai anakusanya historia ya jani, na anayetaka kuionja chai sawasawa hana budi kuanza na chombo.

Mabakuli yaliyotangulia

Mhakiki wa kwanza wa vyombo vya chai tunayemjua kwa jina ni Lu Yu, aliyeishi karne ya 8 wakati wa nasaba ya Tang. Katika kitabu chake kuhusu chai alieleza namna ya kuotesha mche, kukausha majani na kuchagua maji, kisha akayapanga mabakuli kwa daraja. Aliyaweka mbele mabakuli ya kijani ya Yue, akayarudisha nyuma meupe ya Xing. Sababu yake ilikuwa ya mtu aliyetazama kwa makini: bakuli jeupe liliifanya chai ionekane nyekundu, lile la Yue likaipa rangi ya kijani. Chai yenyewe wakati ule ilichomwa motoni, ikasagwa na kuchemshwa kwa chumvi kidogo.

Chini ya nasaba ya Song mambo yaligeuka. Unga laini uliwekwa moja kwa moja bakulini, ukamiminiwa maji moto, ukapigwa kwa kipigio cha mianzi mpaka povu jeupe likapanda. Palikuwa na mashindano: aliyeshinda ni yule ambaye povu lake lilikawia kuvunjika. Povu jeupe halionekani vizuri kwenye bakuli jeupe, kwa hiyo watu wakayakimbilia mabakuli meusi ya Jianyang, mkoani Fujian, yenye kuta nene za kutunza joto na michirizi myembamba kama manyoya ya sungura. Mfalme Huizong mwenyewe aliandika risala juu ya chai mwaka 1107 na kuyasifu mabakuli meusi. Watawa wa Kibuddha waliyachukua hadi Japani, na baadhi yake leo yamo katika orodha ya hazina za taifa la huko.

Kisha ikaja amri ya 1391. Povu lilipopoteza hadhi, bakuli jeusi nalo likapoteza kazi.

Udongo wa Yixing

Mji uliofaidika kuliko yote ni Yixing, mkoani Jiangsu, magharibi mwa Ziwa Tai. Wafinyanzi wake walikuwa wakitengeneza mitungi ya matumizi ya kila siku, na vilima vyao vilikuwa na udongo wa pekee wenye madini ya chuma, wa zambarau, mwekundu na wa manjano. Masimulizi ya mji huo yanamtaja kijana mtumishi aitwaye Gong Chun, aliyeishi mwanzoni mwa karne ya 16, kwamba alijifunza ufinyanzi kwa kumtazama mtawa hekaluni wakati bwana wake akijisomea. Ushahidi wa ardhini nao upo: kaburi la towashi Wu Jing, aliyezikwa mwaka 1533 karibu na Nanjing, lilitoa buli la udongo wa Yixing, moja ya makongwe zaidi yenye tarehe ya kuaminika.

Buli la Yixing halifinyangwi kwenye gurudumu. Mfinyanzi huchukua bonge la udongo na kulipiga kwa nyundo ya mbao mpaka liwe bapa la unene ulio sawa kila mahali. Hukata ukanda, akaukunja kuwa duara na kuunganisha ncha zake. Halafu huanza kuupiga kwa kibao chembamba kutoka nje, mkono wa pili ukishikilia kwa ndani, huku akiuzungusha taratibu mpaka ukuta uliosimama wima uvimbe kuwa tumbo. Mdomo na mkono huundwa kando, kisha hubandikwa; kifuniko nacho huundwa kando. Wanunuzi hukagua kama ncha ya mdomo, kirungu cha kifuniko na mkono vimekaa mstari mmoja. Halafu hulijaza maji na kuziba kwa kidole kitundu cha kifunikoni wakati wa kumimina: kama kifuniko kimekaa sawasawa, maji hukatika papo hapo.

Buli hilo huchomwa katika joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 hivi, bila kupakwa mng'aro wa kioo. Kuta zake hubaki na vitundu vidogo mno vinavyonyonya harufu na mafuta ya chai, na ndiyo sababu wenye kujali hutenga buli moja kwa aina moja ya chai. Shi Dabin, fundi mkubwa wa mwishoni mwa Ming, anasifiwa kwa kupunguza ukubwa wa mabuli ili mtu mmoja anywe chai ikiwa bado na harufu yake. Huko Chaozhou na Fujian buli dogo likazaa unywaji wa namna yake: majani mengi, maji machache, kuloweka kwa muda mfupi, na kurudia mara nyingi huku ladha ikibadilika kila mzunguko.

Chombo cha jikoni hatimaye kikawa mali. Chen Mansheng, ofisa na mwandishi wa hati za brashi aliyefariki mwaka 1822, alibuni maumbo ya mabuli na kuyaandika mashairi, naye fundi Yang Pengnian akayafinyanga. Katika zama zetu, buli la Gu Jingzhou, aliyeishi kati ya 1915 na 1996, liliuzwa mnadani Beijing mwaka 2010 kwa zaidi ya yuani milioni 12.

Meli, makaburi na zidaka

Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India ilipoanza kupeleka chai Ulaya katika karne ya 17, mabuli mekundu ya Yixing yalisafiri pamoja nayo. Ary de Milde aliyaiga mjini Delft, na ndugu wawili wa ukoo wa Elers wakayaiga Staffordshire, Uingereza. Huko Ujerumani, Johann Friedrich Böttger naye alifinyanga udongo mwekundu kabla ya kufanikiwa kupata kauri nyeupe iliyozaa kiwanda cha Meissen mwaka 1710. Meli Geldermalsen, iliyozama mwaka 1752 katika Bahari ya China Kusini, ilipopekuliwa mwaka 1985 ilitoa vyombo vya kauri vipatavyo 150,000. Vyombo hivyo vilikuwa sehemu ndogo tu ya thamani ya shehena. Mali yenyewe, chai, ilikuwa imekwishapotea baharini.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki iliijua kauri ya China kabla chai haijafika mezani. Mabakuli yalipachikwa kwenye makaburi ya Kunduchi na Mambrui, na katika nyumba za mawe za Lamu na Pate yalipangwa kwenye zidaka ukutani, ishara ya heshima ya mwenye nyumba. Mswahili alikuwa mkusanyaji wa vyombo hivi karne nyingi kabla ya wanunuzi wa minadani.

Chai yenyewe ilipandwa Limuru mwaka 1903, na Wajerumani wakaijaribu Amani, Usambara, karibu na wakati huohuo. Jani letu, hata hivyo, lilikuja kuchukua njia nyingine. Mashine iliyobuniwa Assam miaka ya 1930 hulipitisha jani kati ya rola zenye meno, zikalisaga, kulichana na kulikunja kuwa punje ndogo. Punje hizo hutoa rangi upesi na hustahimili maziwa na sukari. Kwa mara nyingine chombo kikafuata jani: chai ya punje ilitaka sufuria ya kuchemshia, chujio na chupa ya kutunza joto.

Kikombe cheupe cha mwonjaji

Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969, na hadi leo huuza chai ya Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo. Waonjaji wa biashara hii wana chombo chao. Kiwango cha kimataifa cha kuonja, kilichotolewa mwaka 1980, kinataka kichombo cha kauri nyeupe chenye meno ukingoni, gramu 2 za chai kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, kwa dakika 6. Mwonjaji hutazama jani kavu, jani lililolowa na rangi ya maji. Kisha huvuta kijiko kimoja kwa sauti ili hewa iipandishe harufu puani, akapima uzito na ukali wake ulimini, akatema.

Kauri nyeupe haiongezi wala haifichi kitu. Buli la Yixing hulainisha ukali na kuibembeleza chai. Kila kimoja kina haki yake: kuipima chai kunataka kikombe cheupe, na kuifurahia kunaruhusu udongo. Anayechanganya kazi hizo mbili atalisifu jani kwa wema wa chombo.

Suala hili linatuhusu sasa, maana jani letu linageuka tena. Mwaka 2011 watafiti wa Kenya walitoa mche wa chai ya zambarau, na baadhi ya viwanda vya wakulima wadogo vimeanza kusokota majani badala ya kuyasaga. Chai kama hiyo ikichemshwa sufuriani na maziwa, kazi yote ya mkulima imepotea. Inataka buli, na wafinyanzi hawako mbali: Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, kuna mashamba ya chai, na chini yake, Ikombe kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi wamefinyanga vyungu vizazi kwa vizazi. Vyungu vyao huchomwa kwa moto wa wazi, na buli linahitaji joto kali zaidi, lakini mikono ya ustadi ipo tayari. Wafinyanzi wa Yixing nao walianza na mitungi ya matumizi ya kila siku, jirani na chai. Wakisi wakipata tanuri na wanunuzi, buli la Afrika Mashariki litapatikana.